Hiyo domeni yako, nani anaitaka?

Ijumaa iliyopita baada ya swala mpwa wangu alinijia pale barazani kwetu Mji wa Kale, akanikuta na kahawa yangu na kipande cha kashata, hata salamu hakumaliza akaninyooshea simu. "Mjomba, hebu soma hii." Ilikuwa imeili ya Kizungu imeandikwa kwa adabu zote, mtu anajitambulisha kuwa ni mnunuzi wa majina ya intaneti, ameipenda domeni moja ya huyu kijana na yuko tayari kutoa dola 6,500. Ukipiga kwa shilingi 130 hiyo ni 845,000. Kijana macho yanamng'aa. Nikashuka na imeili taratibu mpaka chini kabisa na hapo ndo nikaliona sharti: kabla ya kulipa anataka cheti cha uthamini, cheti kinatolewa na websaiti fulani, linki hiyo hapo, ada yake dola 89.

Nikamuuliza una domeni ngapi wewe? Akafungua noti kwenye simu, ameziandika moja moja na tarehe zake, arobaini na tatu. Zote kanunua ndani ya miezi minne kwa pesa ya kuendesha tuktuk, karibu shilingi elfu sitini. Aliona video za vijana wanasema wameuza jina la dola kumi kwa dola elfu kumi, akaona njia ndo hii. Na si yeye peke yake. Mimi kazi yangu ni kuwatengenezea watu websaiti hapa Mombasa na mwaka huu swali hili naulizwa karibu kila wiki, mama wa biashara ananiuliza, kijana wa chuo ananiuliza, mpaka mzee mmoja mwenye boti za watalii: jina hili lina thamani gani? Kwa hivyo nimekaa nikaandika ninayoyajua, maana pesa za watu zinapotea na zinapotea kwa kutoelewa mambo machache ambayo wala si magumu.

Tuanze na domeni yenyewe ni kitu gani. Vitabuni utakuta inaitwa kikoa. Ni lile jina unaloandika ili ufike kwenye websaiti fulani. Kompyuta zenyewe hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba, na namba zile ni ndefu hakuna mtu wa kukaa nazo kichwani, kama vile saa hizi wengi wetu hatuzijui namba za ndugu zetu, tumewasevu kwa jina, unabonyeza jina na simu inatafuta namba yenyewe. Domeni ni hivo hivo, jina lililosevuwa kwenye kitabu kimoja kikubwa cha simu ambacho dunia nzima inakisoma.

Kitabu hicho kina wenyewe. Juu kabisa kuna shirika linaitwa ICANN, liliundwa Marekani mwaka 1998, hilo ndo linalosimamia utaratibu mzima. Chini yake kila mkia wa jina una mtunzaji wake, na ninaposema mkia nakusudia kile kipande cha mwisho baada ya nukta. Mkia wa .com unatunzwa na kampuni ya Verisign, na mkia wetu wa .ke unatunzwa na KENIC. Kisha kuna wasajili, hawa ndo wenye maduka ya rejareja, wewe unamlipa msajili naye anakuandikisha kwa mtunzaji. Domeni ya kwanza kabisa ya .com iliandikishwa tarehe 15 Machi 1985, ilikuwa symbolics.com, na leo za .com peke yake zimepita milioni 150.

Sasa neno lenyewe "kununua domeni" ndo linaloanza kuwapoteza watu. Hununui, unapanga. Unalipa kodi ya mwaka, ukitaka kulipa ya mbele kwa .com mwisho wako miaka 10, na siku ukiacha kulipa jina linatoka mikononi mwako. Ni kama kibanda cha sokoni: unalipa, hakuna wa kukutoa, hulipi, kesho amekaa mwingine. Na hili halibagui mkubwa na mdogo. Desemba 1999 Microsoft wenyewe walisahau kulipia passport.com, watu wakawa hawawezi kuingia kwenye imeili zao za Hotmail siku za Krismasi, mpaka programa mmoja wa Marekani akaona tatizo lilipo akawalipia yeye, dola 35. Kwa hivyo mtu mwenye majina arobaini na tatu ana kodi arobaini na tatu za kulipa kila mwaka, kuwe na mteja au kusiwe na mteja.

Hapo ndo naukataa ule mfano wa ploti. Utasikia mtu anakwambia nunua domeni mapema kama walivyonunua wenzako Mtwapa zamani, ardhi haiongezeki. Kweli ardhi haiongezeki, lakini ploti ikikosa mnunuzi utapanda mihogo, na jirani yako akijenga ghorofa bei yako inapanda hata wewe umelala. Domeni haina jirani. Aliyekosa jina lako ataongeza neno moja mbele, au abadilishe mkia, na biashara yake itafunguliwa kesho hiyo hiyo bila wewe.

Mfano ninaoupenda mimi ni gudwili ya duka, au kilemba kama wengine wanavyoita. Nenda soko la Marikiti, chukua maduka mawili ukubwa mmoja, moja limetazama barabarani pale watu wanaposhukia na lingine liko ndani kwenye kichochoro. Mpangaji wa lile la barabarani akitaka kutoka atakudai gudwili, juu ya kodi utakayomlipa mwenye nyumba, na kuta wala si zake. Anakuuzia nini basi? Anakuuzia pahali. Anakuuzia miguu ya watu inayopita. Na hiyo gudwili utailipa wewe muuza viungo ambaye unajua kila anayepita ni mteja, lakini fundi wa meli hatoi hata shilingi kwa sababu wateja wake wako bandarini Kilindini. Duka ni lile lile, gudwili ni ile ile, mmoja anaikimbilia mwingine haimhusu.

Kwenye domeni kuna kitu kimoja kimebadilika: hakuna miguu inayopita. Hakuna mtu leo anayetembea tu kwenye intaneti akakutana na jina lako njiani, watu wanatafuta Google au wanabonyeza linki waliyotumiwa WhatsApp. Kinachouzwa ni pahali kichwani mwa watu. Mnunuzi mwenye akili analipia jina ambalo mteja akilisikia mara moja atalikumbuka, ataliandika bila kukosea, na akiliona ataliamini.

Hilo la kukosea si dogo. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, wanaoweka rekodi za mikopo, waliibiwa data za watu kama milioni 147, na ili kuwasaidia wateja wakafungua websaiti mpya, equifaxsecurity2017.com. Soma tena hilo jina. Refu, limeunganishwa, limebeba na mwaka. Kilichotokea ni kwamba wafanyakazi wao wenyewe wanaojibu wateja kwenye Twitter wakawa wanawaelekeza watu kwenye securityequifax2017.com, ambayo si yao, ilikuwa imefunguliwa na mtaalamu mmoja makusudi kuonyesha hatari ya jina kama lile. Yaani mwenye nyumba mwenyewe kapotea njia ya kwake. Kama yule mtaalamu angekuwa mwizi, watu wangapi wangeandika siri zao pale?

Sasa chukua upande wa pili. Facebook mwanzoni ilikuwa thefacebook.com, mwaka 2005 wakalipa dola 200,000 kuondoa lile neno dogo la mbele. Tesla walikaa miaka na teslamotors.com, mpaka 2016 ndo wakaipata tesla.com, na Elon Musk alisema mwenyewe kwamba iliwachukua zaidi ya miaka kumi na dola milioni 11. Watu wakisoma habari kama hii wanajifunza somo lisilokuwemo, wanasema loo, jina la herufi tano linaleta milioni 11. Hapana. Tesla ni jina la ukoo wa mtu, bila ile kampuni ya magari lingeuzwa pesa ya kawaida tu. Milioni 11 zilitoka kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa tayari ana kiwanda, ana wateja, na kila siku wanamwita Tesla wala hawamwiti Tesla Motors. Thamani ilikuwa upande wake. Jina lilikuwa lile lile miaka yote.

Hapa ndo kiini cha mambo yote ninayotaka kusema. Ukilishika jina lolote mkononi usijiulize ni zuri kiasi gani. Jiulize nani anaitaka hii, wako wangapi, na mfukoni wana nini.

Jipime na masikio kwanza

Kabla hujafika kwa mnunuzi kuna mtihani mmoja mimi nauamini kuliko vifaa vyote vya kompyuta. Jifanye uko kwenye feri ya Likoni, watu wamebanana, honi inalia, na mtu upande wa pili anakuuliza websaiti yenu inaitwaje. Lipaze jina mara moja tu. Akifika ng'ambo ataweza kuliandika sawa?

Tulijaribu pale pale barazani. Moja ya domeni za mpwa wangu ina neno mahamri ndani yake, alifikiria siku moja itanunuliwa na mtu wa vyakula vya pwani. Nikamwambia tuma sauti kwa watu wanne wa nyumbani, lisome jina mara moja, kisha waombe wakuandikie walivyosikia. Majibu yakarudi: mahamri, mahamuri, mahambri, mamri. Wanne, na kila mmoja na yake, na hawa ni watu waliokula kitu hicho na mbaazi asubuhi ile ile. Mtu wa Nairobi tusimzungumze.

Kiswahili kina raha zake na kina mitego yake kwenye biashara hii na sijaona anayeieleza vizuri. Domeni inakubali herufi, tarakimu na kistari basi, hakuna nafasi na hakuna ritifaa. Kwa hivyo ng'ombe ataandikwa ngombe upende usipende, na neno kama ng'ara linageuka ngara, nani atajua ulikusudia nini. Halafu kuna th na dh. Mtu amechukua jina zuri lenye thamani ndani yake, nusu ya wateja wanatamka samani, na samani ni makochi na meza, wataishia kwa muuza vitanda. Dhahabu wako wanaoiandika zahabu. Ndugu zetu wengi wa bara ulimi unabadilishana l na r, sasa jina lenye kula au kura ndani yake litakwenda njia mbili. Hata Mombasa yenyewe! Wageni wengi sana wa nje wanaiandika na s mbili, mimi nishaona kwenye imeili za watalii sijui mara ngapi, kwa hivyo ukiwa na biashara ya kuwapokea wageni hao jua wengine watapotelea hapo.

Kistari ndo kabisa, mtu atalitamka vipi, "mombasa kistari samaki", msikilizaji ataandika neno kistari. Na tarakimu ni hivo hivo, ukisema mbili hajui ni 2 au neno. Jina lenye vitu hivi bei yake inashuka hata kama maneno yenyewe ni mazuri.

Lakini raha iko hapa. Maneno mengi ya Kiswahili ni mafupi, yanaishia na irabu, na yanasomeka kama yalivyoandikwa, kwa hivyo Mjerumani au Mjapani anaweza kuyatamka bila kufundishwa. Ndo maana mchezo ule wa vipande vya mbao uliozinduliwa London mwaka 1983 uliitwa Jenga, aliyeubuni alikulia Afrika Mashariki, na leo dunia nzima inalisema neno letu bila kujua ni letu. Apple wakaita brauza yao Safari mwaka 2003. Kama ungeniuliza mimi kati ya zile arobaini na tatu zipi zina uhai, ningekuonyesha zile mbili tatu zenye neno moja fupi la Kiswahili, tena lenye maana ya kupendeza, kabla ya zile ndefu za Kizungu zenye kripto na meta ndani yake.

Urefu nao watu wanauelewa vibaya kidogo. Fupi ni ghali kwa sababu ni chache, hesabu yake rahisi: herufi tatu za alfabeti zinatoa mchanganyiko 17,576 tu, na za .com zilishachukuliwa zote zamani. Lakini ufupi peke yake haumsaidii mtu. Herufi sita zisizotamkika zinashindwa na herufi kumi zinazosema kitu. Bandari ni herufi saba na kila mtu pwani hii anaijua.

Nani ana pesa ya kulipa

Haya, jina limepita masikioni. Sasa chukua kalamu na karatasi, andika biashara kumi za kweli, zenye mlango na simu, ambazo jina hili lingezisaidia. Ukifika tatu ukakwama, jina hilo ni la kujifurahisha.

Na si biashara zote ziko sawa. Insurance.com iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 35.6, pamoja na biashara iliyokuwa juu yake, na sababu yake haina uchawi: Marekani mteja mmoja wa bima anakaa miaka analipa kila mwezi, kampuni ziko nyingi na zote zinapigania mteja huyo huyo, kumpata kwa matangazo ni ghali, kwa hivyo jina linaloleta wateja na imani linajilipa lenyewe. Ukichukua neno vitumbua, ni neno zuri, nalipenda, lakini muuza vitumbua faida yake ya siku ni kiasi gani na wateja wake si wanapita mlangoni kwake? Hahitaji domeni ya laki moja, anahitaji till namba ya kupokelea pesa na mafuta. Hoteli ya Diani, kampuni ya safari, wakala wa nyumba Nyali, hospitali ya binafsi, hao mteja mmoja mzuri anaweza kurudisha gharama ya jina zima.

Mkia unaingia hapa hapa. Ukimuuzia hoteli inayopokea Wajerumani, .com ina nguvu kwa sababu mgeni akisahau mkia ataandika .com bila kufikiri. Kwa fundi wa friji wa Kisauni .co.ke inatosha kabisa na tena inamwambia mteja huyu ni wa hapa hapa, na kodi yake ya mwaka ni kama elfu moja hivi. Saa hizi vijana wanaikimbilia .ai. Mkia ule kwa asili ni wa kisiwa cha Anguilla kule Karibiani, kama .tv ilivyo ya Tuvalu, bahati yao ni zile herufi mbili tu, na mwaka 2023 Anguilla walipata kama dola milioni 32 kwa kuuza usajili huo, karibu sehemu moja ya tano ya mapato ya serikali yao. Lakini tazama nani alitajirika hapo: mwenye soko. Wapangaji ni habari nyingine. Usajili wa .ai unaanzia miaka miwili na bei yake ni mara kadhaa ya .com, kwa hivyo ukikaa nazo kumi bila mteja unaumia haraka. Na mikia mipya mingine inauzwa mwaka wa kwanza kwa bei ya peremende, mwaka wa pili unaletewa bili ambayo hukuisoma. Soma bei ya kulipia upya kabla ya kitu chochote.

Bei nayo ni mbili, hili wapya hawaambiwi. Samaki changu yule yule kwa mvuvi ufuoni ni bei moja, kwa dalali ni nyingine, na kwenye sahani ya hoteli Nyali ni bei ya tatu. Bei anayoitoa mfanyabiashara mwenzako wa majina ni bei ya ufuoni, anataka naye apate faida. Yule anayekwenda kuitumia kwenye biashara yake ndo bei ya sahani, lakini mwenye sahani unamngoja. Unamngoja sana. Wenye biashara hii wenyewe hutaja kwamba katika majina 100 mtu anauza moja au mawili kwa mwaka. Pigia hesabu majina arobaini na tatu, haifiki hata moja, na kodi yake ni ile elfu sitini kila mwaka.

Maneno yanayozunguka mitaani

Kuna wanaosema jina likiwa na maneno yenyewe watu wanayoyatafuta basi Google itakupandisha juu. Zamani lilikuwa na ukweli, mpaka Septemba 2012 Google wakabadilisha hesabu zao kuziteremsha websaiti za ovyo zilizokuwa zinapanda kwa jina tu. Leo jina linasaidia mteja kukuamini, kupanda juu ni kazi ya kilichomo ndani.

Vifaa vya kukisia bei: unaandika jina, sekunde mbili unaambiwa dola 1,400. Nililipitisha jina moja la Kiswahili kwenye vifaa vitatu, cha kwanza 1,400, cha pili 210, cha tatu chini ya 100. Vinatazama urefu, mauzo ya nyuma na maneno ya Kizungu, Kiswahili havikijui. Afadhali ukae na rekodi za mauzo yaliyotokea kweli, kuna websaiti inaitwa NameBio inayokusanya hayo, utafute majina yanayofanana na lako, na hapo uwe na moyo wa kukubali unachokiona.

Mauzo makubwa ya kwenye habari nayo yasikupoteze. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, hiyo ni kweli na ilikuwa jina tupu. Lakini ile ya Cars.com, dola milioni 872, inayozungushwa kila siku kama domeni ghali duniani, ilikuwa hesabu ya vitabuni wakati kampuni nzima inanunuliwa mwaka 2014, hakuna mtu aliyetoa pesa hizo kwa jina.

Na jina lililokaa muda mrefu si lazima liwe bora. Umri unasaidia ikiwa miaka hiyo lilitumika vizuri. Yako yaliyokuwa ya kamari na imeili za utapeli, ukilichukua unarithi na sifa zake, imeili zako zinaanguka kwenye takataka za watu. Ni kama nyumba yenye maneno mtaani, uliza majirani kabla ya kuhamia. Jirani wa kuuliza hapa ni Wayback Machine, utaona websaiti ya jina hilo ilivyokuwa miaka ya nyuma.

Sasa kubwa zaidi, na hapa naomba unisikilize kweli. Kuchukua jina la kampuni ya mtu ukidhani watakuja kukubembeleza ni kosa. Kenya tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 28 kinazungumzia hasa kuchukua jina au domeni ya mwingine bila ruhusa, faini mpaka shilingi 200,000 au kifungo mpaka miaka miwili au vyote viwili. Na kimataifa tangu 1999 kuna utaratibu wa mashauri, mwenye alama ya biashara analipa ada ya kama dola 1,500, anapeleka ushahidi kwamba ulilichukua kwa nia mbaya, akishinda jina linahamishwa kwake na wewe hupati hata senti. Katika ile orodha ya mpwa wangu niliona manne yenye AFCON na 2027 ndani yake, kwa kuwa mashindano yanakuja kwetu, Uganda na Tanzania. Nilimwambia hayo manne yaache yafe, usimwonyeshe mtu, usimpigie mtu. Jina la mashindano lina mwenyewe.

Na ukipata mnunuzi wa kweli, pesa ipitie eskro, yaani mtu wa katikati anayeshika pesa mpaka jina lihamie upande wa pili. Ile namba ya siri ya kuhamishia domeni usimtumie mtu kwa ahadi. Jua pia kwamba .com mpya haihami msajili ndani ya siku 60 za kwanza, kwa hivyo mtu akikuharakisha uihamishe leo leo na juzi tu ndo umeichukua, jiulize ana haraka ya nini.

Tukarudi kwenye ile imeili. Kijana bado alikuwa na matumaini, na sikutaka kumvunja moyo kwa maneno, nikamwambia tumjibu kwa heshima zake. Tukaandika: tumefurahi na bei, tunakubali, twende kwa eskro unayoiamini, na ile ada ya cheti dola 89 ikate kwenye hizo 6,500 utupe 6,411. Mnunuzi wa kweli wa dola elfu sita hawezi kushindwa na hilo. Leo siku ya tano, kimya.

Tulikaa mpaka adhana ya Alasiri na orodha, jina moja moja, nikimuuliza swali lile lile, nani anaitaka hii. Yalibaki sita. Moja ni kitenzi cha Kiswahili chenye herufi sita, .co.ke, alilichukua bila kufikiria sana kwa sababu lilimpendeza masikioni. Kwa hilo hakukwama kwenye tatu, aliandika kumi na moja kwa mkono nyuma ya risiti ya petroli, kuanzia Mtwapa mpaka Diani, wote watu wa bahari na wageni. Jumatatu anaanza na yule mzee wa boti.